Uzi: Kiini cha niuroni (seli ya neva) kikikomaa huwa cheupe. Ni jeni zimefunguka au ni hesabu ya ujazo tu?

#1 DarubiniKisauni
Salaam wana jukwaa. Nina slaidi mbili hapa, zote zimepakwa rangi za hematoksilini na eosini, unene maikroni 5. Ya kwanza ni mrija wa neva wa kiinitete cha kuku cha siku 3: viini virefu vimesimama wima bega kwa bega, rangi imekolea, ndani mna madoa madogo mengi. Ya pili ni uti wa mgongo wa mbuzi mzima, pembe ya mbele: kiini kikubwa cha duara, ndani cheupe, na nukleoli (kiwanda cha ribosomu) moja nyeusi tii katikati.

Maelezo ya kawaida darasani ni kwamba niuroni ina kazi nyingi, basi kromatini yake (DNA na protini zinazoikunja) imefunguka na jeni zimewashwa. Nasema hayo ni maelezo ya uvivu. Niuroni iliyokomaa imezima jeni za kugawanyika, imezima za utotoni, na za misuli na ini hazijawahi kuwaka. Sasa iliyofunguka ni ipi hasa? Mwenye hoja alete.

#2 BintiLikoni
Anza na hesabu kabla ya jeni. Kiini cha kipenyo cha maikroni 6 kina ujazo wa maikroni za ujazo 113 hivi. Kikifika maikroni 12, ujazo ni 905. Mara 8! Na DNA haijaongezeka, maana niuroni imeshaacha kugawanyika. DNA ileile imetandazwa kwenye nafasi mara 8, na kisu chako kinachukua maikroni 5 tu za unene. Lazima ionekane nyeupe, hata kama hakuna jeni moja iliyowashwa zaidi.

#3 Maalim_Kibokoni
Hesabu ya Binti iko sawa, ila slaidi za mwenye uzi hazilinganishiki. Jenomu ya kuku ni kama herufi bilioni 1.1, ya mbuzi inakaribia bilioni 2.9. Halafu mrija wa neva umejaa seli zinazogawanyika, na iliyokwisha kunakili DNA yake ina maradufu mpaka itakapogawanyika. Hapo umechanganya spishi, umri na mzunguko wa seli ndani ya swali moja.

La pili, hematoksilini si mizani. Inashika kiini kupitia chumvi ya alumini, na ukolezo unategemea uliiosha vipi kwa asidi. Anayetaka kupima DNA atumie Feulgen, njia ya kupaka rangi DNA. Huko wingi wa rangi hufuata wingi wa DNA.

#4 KijanaMajengo
Mimi nina swali la msingi zaidi: huyo mbuzi nyama yake iliishia wapi? 😄

Na baada ya hapo: jike au dume?

#5 DarubiniKisauni
Jike. Nyama haikupita maabara.

@Maalim_Kibokoni suala la spishi linanisaidia mimi. Kuku ndiye mwenye DNA pungufu, na ndiye aliyekolea. Ukisawazisha jenomu, tofauti inazidi kuwa kubwa. Feulgen nakubali.

#6 KijanaMajengo
Kama ni jike basi weka lenzi ya mafuta, 100, uzungushe fokasi taratibu pembezoni mwa nukleoli. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, kule London ya Kanada (si ile nyingine), walikuwa wakichunguza niuroni za mota (zinazoamrisha misuli) za paka. Wakaona kidoa kando ya nukleoli kwa majike, madume hawana. Baadaye ikajulikana kuwa ni kromosomu X moja iliyokunjwa na kuzimwa. Kwa hiyo ndani ya hicho kiini mnachokiita kimefunguka mna kromosomu nzima iliyofungwa kwa kufuli. Neno "kimefunguka" liondoke mezani.

Angalizo: kidoa kina kama maikroni 1. Kwenye kipande cha maikroni 5 viini vingi vitakuwa vimekatwa bila kidoa. Tazama viini vyenye nukleoli kamili tu.

#7 NtaNaKisu
Kabla hamjafika kwenye nadharia, niulize maandalizi. Uti wa mgongo wa machinjioni una balaa lake. Tishu ikikaa bila formalini kwenye joto la hapa Mombasa, au ikiminywa na koleo ingali mbichi, unapata niuroni nyeusi zilizosinyaa, kiini kimekunjamana, nukleoli haionekani. Wengi huziandika kama ugonjwa kumbe ni mkono wa aliyekata. Dawa yake:

Kata vipande visivyozidi milimita 5. Formalini ya bafa ya asilimia 10, ujazo mara 15 hadi 20 ya tishu. Safiri na barafu lakini tishu isiguse barafu, kwani ikiganda fuwele za maji zinatoboa kila kitu. Usibinye. Ukifika, badilisha formalini.

Pia mkumbuke nta ya parafini huifanya tishu inywee kwa zaidi ya asilimia 10, na bafu la maji likiwa moto kupita kiasi kipande kinatanuka tena. Vipimo vya maikroni 6 na 12 mnavyovitaja ni vya baada ya purukushani hizo zote. Kiinitete laini hunywea tofauti na uti wa mgongo mzima. Huenda sehemu ya hiyo tofauti mnayoibishania imetengenezwa na nta.

#8 BintiLikoni
Nta haiwezi kutengeneza mara 8, kaka. Ikipunguza kipenyo kwa asilimia 20, ujazo unabaki karibu nusu. Bado una mara 4 ya kueleza.

#9 Maalim_Kibokoni
Kuna njia rahisi ya kumjibu @NtaNaKisu: serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma. Mnyama mmoja, formalini moja, nta moja, slaidi moja. Seli za Purkinje, niuroni kubwa za huko, ziko na kiini kikubwa cheupe chenye nukleoli nene. Ukishuka maikroni chache tu chini yake unakutana na seli za punje: viini vya maikroni 5 au 6, vyeusi, kromatini mabonge mabonge. Hizo ni niuroni pia, zimekomaa, na zimeacha kugawanyika. Kati ya niuroni bilioni 86 za ubongo wa binadamu, bilioni 69 hivi ziko serebela, na karibu zote ni hizo za punje.

Maana yake ni kwamba niuroni nyingi za binadamu HAZINA kiini cheupe. Picha ya vitabuni ni ya wachache wakubwa. Nta haijachagua mmoja ikamwacha mwingine.

#10 DarubiniKisauni
Hii ya serebela imenipa raha. Inaua pia ile hoja kwamba kiini hubadilika kwa sababu tu seli imeacha kugawanyika. Zote mbili zimeacha.

#11 TudorNeva
Haijaiua, imeijeruhi tu. Seli ikigawanyika, utando wa kiini unavunjwa na nukleoli zinayeyuka, kisha kila kitu kinajengwa upya. Kwa binadamu jeni za RNA ya ribosomu ziko kwenye kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, kwa hiyo nukleoli huanza nyingi ndogondogo, halafu zinakutana na kuungana. Katika gamba la ubongo la panya anayekua, mzunguko wa seli tangulizi ni kama saa 8 tu siku ya 11 ya mimba, na unafika saa 18 hivi siku ya 16. Kabla kiini hakijatulia kinavunjwa tena. Niuroni ina maisha yake yote ya kutulia. Muda unahitajika, ila peke yake hautoshi.

Na kuhusu viini virefu vya slaidi ya kwanza: hilo halina uhusiano na jeni kuwaka wala kuzima. Ule mrija unaonekana una matabaka mengi, lakini ni tabaka moja. Kila seli imeshika uso wa ndani na uso wa nje, na kiini chake kinapanda na kushuka. DNA inanakiliwa kiini kikiwa upande wa nje, kisha kinateremka hadi kwenye uwazi wa ndani na kugawanyika pale. F. C. Sauer alilieleza hili mwaka 1935. Tazama slaidi yako: viini vya duara vyenye kromosomu zilizojipanga vimekaa ukingoni mwa uwazi tu. Virefu ni kwa sababu vimebanwa na majirani.

#12 DarubiniKisauni
Kweli tupu. Vya kugawanyika viko ukingoni vyote, sioni hata kimoja nje.

#13 TudorNeva
Sasa safari yenyewe. Niuroni ikizaliwa inapanda kwenda mahali pake, na kiini ndicho mzigo mkubwa kuliko vyote. Mwendo ni wa hatua mbili. Kwanza sentrosomu (kitovu cha mikrotubuli) inatangulia ndani ya mkia wa mbele, panavimba kidogo. Kisha kiini kinaruka kuifuata. Dinini, protini ya kuvuta mizigo, inakivuta kwenye reli za mikrotubuli, na protini za nesprini na SUN ndizo kamba zinazofunga utando wa kiini kwenye injini hiyo. Kwa nyuma miosini inakaza na kusukuma. Ni hamali na mkokoteni vichochoroni Mji wa Kale: mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma.

Jeni ya LIS1 ikikosekana nakala moja, mvuto unalegea, niuroni hazifiki, na mtoto anazaliwa na ubongo laini usio na mikunjo. Jeni ya DCX ni hivyohivyo kwa wavulana, kwa kuwa iko kwenye kromosomu X. Wasichana wengi hupata tabaka la pili la niuroni zilizokwama chini ya gamba.

#14 KijanaMajengo
Mkokoteni wa Mji wa Kale haukunjiki, yakhe. Ukifika kona ya kule bandari ya zamani unakwaruza ukuta wa watu na matusi unapewa. Kiini kinakunjika.

#15 TudorNeva
Na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Kukunjika kwake kunategemea lamini, wavu wa protini ulio chini ya utando. Tishu ngumu kama mfupa na misuli ina lamini A kwa wingi, na kiini chake ni kigumu. Niuroni inaipunguza mno lamini A kwa kutumia RNA ndogo iitwayo miR-9, na kubaki na lamini C pamoja na B1 na B2. Ndiyo sababu watoto wenye progeria (ugonjwa wa kuzeeka utotoni), ambao lamini A yao imeharibika, mishipa na moyo vinazeeka mapema lakini akili iko salama.

Kinyume chake, panya wasio na lamini B1 wanakufa wakizaliwa, na matabaka ya ubongo yamevurugika. Kiini kinatoa uvimbe mmoja upande. Kwa wasio na B2 kiini kinanyooka kuwa kirefu kupita kiasi wakati wa safari. Nakala ya ziada ya LMNB1 (jeni ya lamini B1) nayo ni mkosi: mtu mzima anaanza kupoteza ala nyeupe ya neva. Pungufu shida, zaidi shida.

Kwa hiyo nadharia yangu: kiini cha niuroni ni kikubwa na chepesi kwa sababu kilijengwa kuwa laini kwa ajili ya safari, na baadaye hakuna wavu mgumu wa kukizuia kisitanuke.

#16 Maalim_Kibokoni
Nzuri kuisikiliza, lakini seli za punje nazo husafiri, tena kutoka nje kuingia ndani zikipenya katikati ya tabaka la molekuli. Zimefika salama na zimebaki ndogo nyeusi. Ulaini wa safari haukuzipanua.

#17 MtwapaJeni
Nimesoma kimya toka #1. Wote mnazungumzia ukubwa, hakuna aliyegusa kipi kimekaa wapi. Kiini cha kawaida kina kromatini nzito (iliyokunjwa sana) ukutani na nyepesi katikati. Irina Solovei na wenzake walionyesha mwaka 2013 kuwa nzito inafungwa ukutani na kamba mbili: LBR, protini ya utando wa kiini, inayotangulia katika ukuaji, na lamini A/C, inayofuata. Ukiziondoa zote mbili, nzito inaporomoka katikati.

Na maumbile yamelifanya hilo yenyewe. Mwaka 2009 kundi hilohilo lilionyesha kuwa seli za fimbo kwenye jicho la panya na wanyama wengine wa usiku zina kiini kilichopinduliwa: nzito katikati kama bonge moja, nyepesi pembeni. Panya anazaliwa na kiini cha kawaida, kisha madoa yanaungana polepole wiki kwa wiki baada ya kuzaliwa hadi linabaki moja. Kiini hicho kinakusanya mwanga badala ya kuutawanya, na vikipangwa safu vinaupitisha hadi chini. Fimbo za binadamu hazipinduki. Ukimlazimisha panya atengeneze LBR kwenye fimbo, kupinduka kunazuilika.

Retina ni sehemu ya ubongo kwa asili yake, kwa hiyo tupo ndani ya mada. Swali la @DarubiniKisauni lingepaswa kuwa: kamba zipi zimekatwa?

#18 DarubiniKisauni
Kwenye niuroni yangu ya mbuzi ukutani pamebaki utepe mwembamba sana, na kuna kofia ya kromatini imegusa nukleoli. Inaendana na ulivyosema. Shukran.

#19 KijanaMajengo
Au hiyo kofia ndiyo X yetu ya 1949.

#20 MtwapaJeni
Inawezekana kabisa. Linganisha na dume.

#21 BintiLikoni
Mmeisahau protini ya MeCP2. Inashika DNA yenye alama za methili, na kwenye niuroni zilizokomaa wingi wake unakaribia wa nukleosomu (mafundo ya DNA na protini) zenyewe, jambo usiloliona kwenye ini. Inaongezeka baada ya kuzaliwa, wakati uleule kimeng'enya DNMT3A kinapandika methili nje ya zile jozi za kawaida za CG: kwa panya wiki ya 2 hadi ya 4, kwa binadamu miaka ya mwanzo. Ikikosekana ni ugonjwa wa Rett: mtoto wa kike anakua vizuri miezi 6 hadi 18 kisha anarudi nyuma. Niuroni hazifi, lakini viini vyake ni vidogo. Na mwaka 2007 ilionyeshwa kwa panya kwamba ukiirudisha MeCP2 ukubwani dalili nyingi zinaondoka. Hapa mnaona kemia ya kromatini ikiamua ukubwa wa kiini, si kinyume chake.

#22 Maalim_Kibokoni
Kwa ukubwa wa mwisho, sawa. Kwa mwanzo wa weupe, la. Niuroni za mota za kijusi huwa na viini vikubwa vyeupe kabla ya kuzaliwa, methili hiyo haijapandikwa bado. Na niuroni ya Rett ni ndogo yote, mwili na kiini. Utajuaje kama kiini kimefuata mwili au mwili umefuata kiini?

#23 BintiLikoni
Nionyeshe basi niuroni yenye mwili mkubwa na kiini kidogo cheusi.

#24 Maalim_Kibokoni
Kata akzoni (mkia mrefu) ya niuroni ya mota, ungoje siku chache. Mwili unavimba na kiini kinasogezwa pembeni, wala ukubwa wake haulingani na uvimbe. Uwiano si sheria ya chuma.

#25 NtaNaKisu
Nyinyi endeleeni na chuma. Mimi nimeona aliyetaja Feulgen hakutaja joto. Maandiko yakisema "joto la chumba" kwa HCl ya molari 5, yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Mombasa bila kipozahewa Machi ni nyuzi 30 na zaidi. Asidi inakwenda mbio, inang'oa DNA yenyewe, na utaripoti kwamba kiini kimepungukiwa. Tumia bafu la maji lenye kidhibiti, au HCl ya molari 1 kwa nyuzi 60, na uweke slaidi za majaribio: dakika 6, 8, 10, 12, 14. Chagua kilele. Slaidi moja isipite kwenye asidi kabisa. Ikipata rangi ya zambarau, una aldehidi za kigeni kwenye tishu. Kitendanishi cha Schiff, kinachotoa rangi ya Feulgen, kikishaanza kuwa cha waridi ndani ya chupa, mwaga. Na tishu iliyohifadhiwa kwa dawa ya Bouin usiilete, asidi yake imeshaanza kazi kabla yako.

#26 MwanaKongowea
Samahani naingilia kati. Viinitete vya kuku mnapataje? Nimeweka mayai ya kienyeji ya sokoni kwenye inkubeta, siku 3, nusu hakuna kitu na nusu yamevurugika.

#27 NtaNaKisu
Joto tena. Yai lililorutubishwa huanza kukua likipita nyuzi 20 au 21 hivi. Sokoni linakaa nyuzi 30: si baridi ya kulisimamisha, si joto la kulikuza vizuri. Kiinitete kinaanza, kinakwama, kinakufa. Chukua kwa mfugaji mwenye jogoo, asubuhi ya kutagwa, hifadhi nyuzi 13 hadi 18, ncha nyembamba chini, usizidishe wiki. Kabla ya kuatamia acha yai lipate joto la chumba ili lisitoe jasho. Kisha nyuzi 37.5 hadi 38, unyevu asilimia 50 hadi 60. Saa 72 utakuwa hatua ya 18 hadi 20 kwenye jedwali la ukuaji wa kuku la Hamburger na Hamilton. Stima ikipotea usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia.

#28 MwanaKongowea
Ahsante sana, kaka.

#29 MtwapaJeni
Turudi. @Maalim_Kibokoni umezitumia seli za punje kana kwamba zimesimama. Utafiti wa 2023 uliosoma jenomu kwa vipimo vitatu, seli moja moja, kwa panya na binadamu, ulikuta seli hizo zinaendelea kupanga upya miguso ya mbali ya kromosomu maisha yote. Chini ya darubini ni bonge jeusi lilelile. Kwa hiyo weusi nao hautuambii kwamba ndani hakuna kinachoendelea.

#30 Maalim_Kibokoni
Hilo linaunga mkono #6: rangi si kipimo cha kuwaka. Lakini halielezi kwa nini moja ni maikroni 6 na jirani yake ni maradufu. Mimi nasimama kwa mahitaji ya mwili wa seli. Purkinje inalisha mti mkubwa wa matawi, inahitaji ribosomu nyingi, nukleoli inanenepa, kiini kinatanuka. Punje ina matawi mafupi manne hivi.

#31 TudorNeva
Na utando wenye lamini A kidogo unaruhusu kutanuka. Tumekutana nusu njia.

#32 BintiLikoni
Hamjakutana na mtu. MeCP2 bado iko mlangoni.

#33 DarubiniKisauni
Nitafanya serebela ya mbuzi, Feulgen, jike na dume. Nihesabu viini vingapi kila upande?

#34 Maalim_Kibokoni
Kabla ya idadi, rekebisha upendeleo wa kisu. Kiini kikubwa kinaonekana kwenye vipande vingi zaidi kuliko kidogo. Tumia sahihisho la Abercrombie la 1946: zidisha hesabu kwa unene wa kipande, gawa kwa jumla ya unene na kimo cha kiini. Kipande cha maikroni 5 na Purkinje ya 12 unapata 5/17, yaani 0.29. Kwa punje ya 6 ni 5/11, yaani 0.45. Usipofanya hivyo utazihesabu Purkinje kupita kiasi.

Na kwa kupima rangi usitumie viini vilivyokatwa vipande. Kata nene, maikroni 20, upate viini vizima, upime rangi yote ya kiini kimoja kimoja. Purkinje na punje zikitoa jumla ileile, hoja ya Binti ya #2 imesimama. Zisipotoa, kagua asidi yako kwanza.

#35 KijanaMajengo
Maikroni 20 kwa Feulgen, punje zitapandana tatu tatu. Utapima jumla ya ukoo mzima. Afadhali utoe viini nje: saga kwenye sukrosi ya molari 0.32 yenye Triton (sabuni) asilimia 0.1, chuja kwa wavu wa maikroni 40, tandaza kwenye kioo, ndipo upake.

#36 Maalim_Kibokoni
Ukivitoa utajuaje kipi cha Purkinje? Ni chache mno mbele ya punje.

#37 KijanaMajengo
Kwa nukleoli yake. Si ndiyo tulianza nayo?

#38 NtaNaKisu
Feulgen haipaki nukleoli, enyi wataalamu. RNA ya nukleoli haishiki rangi hiyo. Utaona shimo jeupe tu, na utalitafuta kwa fokasi.